Mgonjwa wa Mwisho

Fundi alirudi nyumbani jua limeshachoka, na kabla hajavua viatu wifi yake alimzunguka nyuma kumtazama shingo.

"Mbona nundu ipo?"

"Ipo."

"Si ulikwenda ikakatwe?"

"Nilikwenda."

Wifi alishika kiuno. Alikuwa dada mdogo wa mume wa Fundi, mwanamke wa maneno mengi. Alikuja kupumzika kidogo ndoa yake ilipovunjika, na sasa alikuwa na msumari wake ukutani wa kutundikia nguo kama mwenye nyumba. "Sasa walichokukata ni nini? Hamu?"

"Wifi, naomba nile kwanza. Tangu jana sijatia kitu tumboni."

Wifi akapakua chakula kilichokuwa kimefunikwa, akakaa mbele yake kumtazama anavyokula. Fundi alikula ameinama. Siku hizi kila kitu alikifanya ameinama. Ile nundu ilikuwa imemkaa pale shingo inapoungana na mgongo, laini kama donge la unga uliokandwa, nayo ilikuwa ikiongezeka mwaka hadi mwaka. Ilimsukuma kichwa mbele mpaka kidevu kikakaribia kifua. Akishona kutwa, mikono ilimfa ganzi. Akilala chali, pumzi ilimkaba. Wateja aliwajua kwa vifungo vyao, maana nyuso zilikuwa juu mno kwake.

Dawa ndizo zilizomfanya hivyo. Alipoanza kuishi na virusi alikuwa mwanamke mbichi, na dawa za wakati ule zilikuwa kali. Zilimrudisha kutoka mlangoni mwa kaburi, lakini zilidai ujira wao: zilifyonza mashavu yake na mapaja yake, kisha mafuta yote yakapelekwa shingoni kama mzigo. Baadaye alibadilishiwa dawa, akapewa kidonge kimoja tu cha asubuhi kisicho na matata. Nundu haikubadilika. Majirani waliambiwa ni ya ukoo. Wifi ndiye aliyetunga, tena kwa kuongeza chumvi: alimzulia Fundi shangazi aliyekuwa na nundu kama hiyo hiyo na akaishi mpaka akachoka mwenyewe.

Mume wake alirudi kazini na ndoo yake tupu. Alikuwa mpakaji rangi wa nyumba, mtu mpole, aliyeongea kama anayelipia kila neno. Alitazama shingo ya mkewe, akaweka ndoo chini polepole.

"Wamesemaje?"

"Waliitwa wenzangu mmoja mmoja, nikabaki mimi na ukuta. Mwisho sista akaja akaniambia, 'Mama, saa za chumba cha upasuaji zimekwisha. Nenda nyumbani, utaitwa.'"

"Utaitwa lini?"

"Kasema tu, 'Utaitwa.'"

Mume akatikisa kichwa. "Hospitali ni ya watu wengi. Tuvumilie. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu wameshakula waliotangulia," alisema Wifi. "Huyu kaachiwa maganda."

* * *

Aliitwa. Simu ililia akiwa anapiga pindo, akaacha kitambaa hapo hapo chini ya sindano ya cherehani, akaenda kulazwa.

Kwenye kitanda cha jirani wodini alikuta mtu anayejipaka mafuta viwikoni, na kabla hajamwona uso aliijua sauti.

"Fundi! Na wewe umo humu?"

Alikuwa Mama Sare. Jina hilo alipewa na watu wa mtaa kwa sababu alikuwa na shule ndogo ya watoto, na kwake mtoto bila sare alikuwa sawa na kuku bila manyoya. Sare zote zilitoka kwenye cherehani ya Fundi, na nusu ya chakula cha nyumba ya Fundi ilitoka kwenye sare hizo.

"Mimi nina ngiri," alisema Mama Sare. "Nikawaambia, ngiri si ugonjwa wa wanaume? Wakasema hata wanawake. Ehe, nimekuwa baba na mama wa shule ile, basi na maradhi ya akina baba yamenipata."

Fundi alicheka mpaka shingo ikamuuma. Usiku walisimuliana habari za wazazi wanaokopa sare na kumaliza mwaka bila kulipa. Lilikuwa jambo jema kuwa na mtu wa kuzungumza naye katika chumba kile chenye harufu ya dawa ya sakafu.

Asubuhi, wengine wakipiga mswaki, Fundi alifungua fundo la upindo wa kanga yake. Akatoa kidonge chake, akakimeza kwa funda moja la maji ya bomba. Hakuwahi kukosa kidonge hicho hata siku moja. Aliwahi kukimeza msibani, amejifunika uso kama anayelia. Aliwahi kukimeza harusini kwa soda ya bibi harusi. Kukiacha kwake kulikuwa kama kuacha kupumua.

Nesi kijana alipita akiuliza kwa sauti, kitanda kwa kitanda. "Umekula? Umekunywa? Wewe je?"

"Sijala, mwanangu. Nimemeza kidonge tu, na maji ya kumezea."

Nesi akasimama. "Kidonge gani?"

Wodi nzima ilikuwa inasikia. Faili lake lilikuwa limeshatangulia chumba cha upasuaji. Nesi yule hakuwa na habari. Mama Sare alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, anatazama kwa huruma, anangoja jibu pamoja na nesi.

"Cha presha," alisema Fundi.

"Una presha na hukusema? Mama, mtu wa presha hapewi usingizi hivi hivi! Ukitufia mezani tutasemaje?" Nesi akatoka mbio, akarudi na uamuzi. Fundi asingeingia leo. Aende kwanza kwa daktari wa moyo, apimwe, alete majibu, kisha ataitwa.

"Lakini mwanangu—"

"Lakini nini?"

Fundi akafungua mdomo, akaufunga. Kumeza maneno nako ni kazi. Aliyameza bila maji.

"Pole, Fundi," alisema Mama Sare. "Kumbe presha tunayo wote! Unatumia ipi wewe, ile nyeupe au ile ya pinki?"

"Nyeupe."

"Ah, ile mimi hunitia kikohozi."

Na ya Mama Sare, iliyokuwa presha ya kweli, ilipopimwa ilikutwa imepanda darini kwa hofu. Naye akaambiwa arudi nyumbani mpaka itulie. Walitoka pamoja getini, kila mtu na mfuko wake, Mama Sare akimshika Fundi mkono kama ndugu wa msiba mmoja.

* * *

Daktari wa moyo alikuwa kijana mwenye shati la mikono mirefu. Kifungo cha tatu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi usiofanana na wa vingine. Fundi alikitazama muda wote akipimwa.

"Presha yako ni ya msichana," alisema daktari. "Nani alisema una presha?"

"Mimi."

Daktari akafunua faili, akasoma, akafunua tena. "Kumbe kidonge chenyewe ni hiki? Mama, hiki humezwa hata siku ya kupasuliwa, na funda la maji halidhuru. Ungesema tu."

"Ningesema, na wodi nzima inasikia?"

Daktari akajikuna kidevu. Fundi hakuwa mtu wa kuuliza madaktari maswali, lakini njaa ya siku mbili zile ilikuwa bado haijamtoka. "Daktari, kwa nini mimi huwekwa mwisho? Mara ya kwanza nilikuwa mwisho. Mara hii pia, kama nisingeondolewa ningekuwa mwisho; machela yangu nimeiona ilipowekwa."

"Ni utaratibu wao wa zamani. Wenye hali yako huingia mwisho, ili chumba kioshwe baadaye bila haraka."

"Si huoshwa kila anapotoka mtu?"

"Huoshwa."

"Na damu yangu mmepima, mkasema virusi vimelala hata vipimo havivioni."

"Ni kweli."

"Sasa?"

Daktari alifunga faili, akamrudishia. "Mama," alisema kwa upole, "mimi ni wa moyo."

* * *

"Basi nenda ukaseme!" Wifi alikuwa akiosha vyombo, na kila sufuria iliyomaliza zamu ilitua kwa kishindo. "Waambie, mimi ni mtu kama watu, niingizeni katikati. Ukiwa mwisho kila siku, siku zitakwisha kabla yako. Kimya kingi kina mshindo, lakini chako wifi yangu hakina hata mchakacho."

"Nitamwambia nani? Nesi? Atauliza kwa ile sauti yake."

"Aulize, ujibu!"

"Mama Sare anarudi hospitali wiki hiyo hiyo uliyoitiwa," alisema mume. Alikuwa amekaa kizingitini akikwangua rangi kwenye kucha. "Mtakuwa pamoja tena."

"Mama Sare ndiye nani? Rais?"

"Ndiye chakula hicho unachoosha sufuria yake."

Wifi akaiweka sufuria chini bila kishindo. Mume akaendelea kukwangua. Baadaye akasema, akiwa bado anatazama kucha, "Tena si yeye peke yake. Yakisemwa ya mke, watu watauliza ya mume. Mimi naingia vyumbani mwa watu. Naachiwa funguo. Nani atanipa chumba cha kulala watoto wake nipake rangi?"

Ilikuwa kweli. Naye alimeza kidonge hicho hicho kila asubuhi, amegeukia ukuta. Katika miaka yote hiyo hawakuwahi kulitaja neno lenyewe ndani ya nyumba. Walisema "ile hali", au walisema "dawa", au hawakusema.

"Sikatai utibiwe," alisema mume. "Nasema tu, usiseme. Mara ya tatu si lazima iwe kama ya pili."

"Na ikiwa kama ya kwanza?" aliuliza Fundi.

Mume akahamia kucha nyingine.

* * *

Mara ya tatu machela zilipangwa kwenye ujia nje ya chumba cha upasuaji, kila mgonjwa na gauni lake la kijani lililo wazi mgongoni. Fundi alilala ubavu kwenye machela ya mwisho, pua yake ikitazamana na ndoo za kupigia deki. Mbele yake alikuwa Mama Sare, presha imetulia, mdomo haujatulia.

"Fundi, tukitoka humu nataka sare mpya kabisa. Rangi nyingine. Hii ya sasa watoto wanafanana na magunia."

"Sawa, Mama Sare."

"Na kola ziwe ngumu. Mtoto avae ajisikie!"

Mlango ulifunguka, ukameza mtu, ukafungwa. Muda mrefu ukapita. Ukafunguka tena. Mstari ukafupika kwa mwendo wa konokono. Midomo ilikauka. Mchana ulipoinama walikuwa wamebaki wao wawili, na hapo ndipo machela nyingine ilikuja mbio kutoka mlango wa nje, imebeba mtu aliyegongwa na gari, ndugu zake wakilia nyuma. Akapitishwa moja kwa moja. Hakuna aliyenung'unika, damu ilionekana.

Lakini alipotoka yule, nesi kijana alitoka pia, kofia mkononi. "Akina mama, leo ndiyo basi. Mama Sare, wewe utalala hapa hapa wodini, kesho utakuwa wa kwanza. Na wewe mama," akamgeukia Fundi, "nenda nyumbani. Utaitwa."

Fundi hakutegemea kusikia sauti yake mwenyewe. "Kwa nini yeye ni kesho na mimi ni kuitwa?"

Nesi akainama, akapunguza sauti, safari hii akaipunguza. "Mama, si unajua? Kwa hali yako, kesho nafasi ya mwisho ina mtu tayari."

"Hali gani?" Mama Sare alijiinua kwa kiwiko. "Presha? Hata mimi ninayo, na mmenipa wa kwanza! Sista, huo si uungwana. Huyu ni fundi wangu miaka nenda miaka rudi, mtu mwenye heshima zake. Kama ni presha tuna presha wote. Mnambagua kwa kuwa ni mpole. Mimi sikubali!"

Kama Mama Sare angenyamaza, Fundi angeshuka machelani. Angevaa nguo zake, angekwenda nyumbani, angeitwa. Lakini yule mwanamke alikuwa akimpigania kwa silaha ya uongo aliyompa yeye mwenyewe, na alikuwa akipigana vizuri. Lile lilikuwa gumu kuliko njaa.

"Sina presha," alisema.

"Nini?"

"Sina presha, Mama Sare. Nina virusi vya UKIMWI. Ninavyo tangu kabla sijakufahamu. Kidonge changu ni cha virusi." Alikuwa akisema na ndoo za deki, maana ndizo zilizokuwa mbele ya macho yake. "Wanasema watu kama mimi tuingie mwisho. Na chumba hiki kila siku kinafungwa kabla ya mwisho. Basi sisi tutaingia lini?"

Daktari wa upasuaji alikuwa amefika mlangoni, anavua barakoa, uso umechoka kama shuka lililokamuliwa.

"Kuna nini hapa?"

"Daktari, mimi machela hii sishuki," alisema Fundi. Alishika ukingo wa machela kwa mikono miwili. "Mkitaka nitoeni nayo mpaka nyumbani. Lakini sishuki."

Daktari alimtazama, akatazama shingo yake, akamtazama nesi. "Huyu mama amekuja mara ngapi?"

Nesi akakunjakunja kofia yake.

"Kesho ni wa kwanza," alisema daktari, akaondoka akijikanda mgongo.

Fundi alisubiri Mama Sare aseme neno. Alichosikia ni gurudumu la machela likilia. Mama Sare alikuwa ameshika ukuta kwa mkono, anajisogeza mbali, polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana anasogea.

* * *

Jioni ile mume alikuja saa ya kuona wagonjwa. Kitanda cha jirani kilikuwa kimehamishiwa upande wa dirisha, na aliyekilalia alikuwa amegeukia nje. Mume akaangalia kitanda kile, akaangalia nafasi iliyoachwa, akaelewa.

"Umesema."

"Nimesema."

Alikaa. Alikuwa na doa la rangi nyeupe juu ya nyusi. "Umenitaja?"

"Sikukutaja."

"Hawahitaji kutajiwa."

Fundi alitamani amwambie pole, lakini pole ya nini? Alitamani pia yeye aambiwe pole, angalau kwa njaa. Walikaa hivyo mpaka kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Mume alisimama, akavuta shuka, akamfunika miguu, akalichomeka pembeni chini ya godoro kama anavyochomeka karatasi sakafuni ili rangi isimwagikie. Akaenda zake bila kuaga.

Asubuhi Fundi alimeza kidonge chake mbele ya nesi. Nesi hakuuliza.

Machela yake ilisukumwa ya kwanza. Ndani kulikuwa na baridi na taa kubwa zisizo na huruma. Wakamhamishia mezani, wakamlaza ubavu, maana chali hakuweza. Daktari wa usingizi alimfunga mkono, akatafuta mshipa, akaupata. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kwa utulivu, mpaka sauti aliyoijua ikapanda nje ya mlango.

"Mimi baada yake siingii!"

"Mama, chumba kinaoshwa."

"Kinaoshwa na nani? Nionyesheni aliyekiosha! Niingizeni mimi kwanza, yeye afuate. Si ndivyo mnavyofanya siku zote? Mnabadilisha utaratibu siku yangu? Na vitambaa vyangu vilivyoko kwake nitamtuma mtu avichukue, leo leo, mwambieni!"

Vitambaa vya muhula mzima vilikuwa nyumbani, vimekunjwa juu ya kabati. Fundi alivikumbuka vyote, na aliyaona masufuria ya Wifi, na mikono ya mumewe. Alitaka kuinua kichwa aone mlangoni kuna nani na nani. Kichwa hakikuinuka.

Nesi kijana aliingia, akainama karibu na sikio lake. Sauti yake ilikuwa laini, karibu ya kubembeleza. "Mama, samahani. Mwenzako presha imeanza kupanda kwa hasira. Tungebadilishana tu. Yeye atangulie, wewe ufuate mara moja. Ni leo leo, nakuapia. Unaonaje?"

Daktari wa upasuaji alikuwa amesimama na mikono yake iliyonawa, ameiinua juu, anangoja. Hakusema ndiyo wala hapana. Wote walikuwa wanamngoja yeye, mtu wa mwisho, aseme kwamba haidhuru.

"Fungeni mlango," alisema Fundi.

Nesi akasita.

"Mwanangu, funga mlango. Baridi inaingia."

Mlango ukafungwa.